Tiketi Rahisi ya Kwenda Ng'ambo ya Atlantiki: Tuangalie Nini Kabla ya Kulipa?



Tulipokuwa Chimala, wilayani Mbarali katika mkoa wa Mbeya, mzee mmoja mkulima wa mpunga alitufuata baada ya sala ya Alasiri. Binti yake anaishi Toronto, Kanada, na amejifungua mtoto wa kwanza. Mama anataka kwenda kumuona, akifuatana na mwanawe wa kiume. Hakuna kati yao aliyewahi kutoka nje ya nchi. Mpunga ulikuwa umeshauzwa, wakala ameshawapa karatasi ya tiketi "rahisi kuliko zote", na fedha iliyopungua walitaka kukopa. Swali lake lilikuwa moja: "Sheikh, mkopo huu unafaa?"

Tuliitazama karatasi kwanza. Safari ilikuwa Dar es Salaam, Nairobi, New York, kisha Toronto. Tukamwambia asilipe hata shilingi. Tunaeleza sababu hapa kwa kuwa familia nyingi za Unguja na Pemba nazo zina watoto huko, na swali hili linatufikia kila mara.

Njia kwanza, bei baadaye. Nairobi ina ndege ya moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018, na wakati mwingine bei yake huvutia. Lakini Marekani haina utaratibu wa kupita uwanjani bila ya kuingia nchini. Mtanzania anayekwenda Kanada kupitia New York anahitaji pia viza ya Marekani, hata kama atakaa hapo saa mbili tu. Mama yule angezuiwa kwenye kaunta ya Dar es Salaam au Nairobi, na fedha ya mpunga ingepotea. Zipo njia zisizogusa Marekani: Addis Ababa, Doha, Dubai na Istanbul zote zina ndege za moja kwa moja hadi Toronto. Aliyeko Unguja huweza kuanzia hapo hapo, akaokoa nauli ya boti na malazi ya Dar es Salaam. Kila njia, uliza mapema masharti ya viza ya nchi unayopitia.

Viza kabla ya tiketi. Tiketi iliyolipiwa haimlazimishi ofisa kutoa viza. Ada ya viza ya matembezi ya Kanada ni dola 100 za huko, na alama za vidole dola 85. Kwa watu wawili ni dola 370, na viza ikikataliwa ada hairudi. Kuna na pasi, shilingi 150,000 kila mmoja. Haya yote ni sehemu ya gharama, na yatangulie. Kutengeneza karatasi ya safari ya uongo ili kuombea viza ni kughushi, na uongo haubadiliki kuwa halali kwa sababu nia ni kumuona mjukuu.

Tiketi moja, si vipande. Wengine hununua tiketi mbili za mashirika mbalimbali kwa kuwa jumla yake ni ndogo. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi kitu, na mara nyingi begi lazima ulichukue na kulikabidhi upya. Kwa msafiri wa mara ya kwanza, huo si unafuu. Pia, ukiacha kipande cha mwanzo cha tiketi, vilivyobaki kwa kawaida hufutwa. Tiketi ni mkataba, na Sura ya al-Maida imeanza kwa kutuamrisha kutimiza mikataba. Basi soma masharti: begi la kilo ngapi, na kubadilisha tarehe ni shilingi ngapi.

Wakala. Ukimpa fedha akununulie kwa niaba yako, huyo ni wakili wako na fedha ni amana. Akuoneshe bei ya shirika, na ujira wake mkubaliane waziwazi. Akificha na kuongeza, hiyo ni khiyana. Lakini akikuuzia tiketi yake kwa bei yake nawe ukaridhia, hiyo ni biashara. Kwa hali zote, chukua namba ya tiketi na uihakiki kwa shirika lenyewe.

Fedha. Sasa tunarudi kwenye swali la mzee. Mkopo wa riba, uwe wa benki au wa "kausha damu", haufai. Kumzuru mwana ni jambo la kheri, lakini si dharura inayohalalisha haramu. Upatu wa familia, mkopo mwema usio na nyongeza, au mchango wa binti mwenyewe, yote haya ni milango iliyo wazi. Wala tusipunguze gharama kwa kumwacha mama asafiri peke yake. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba safari isiyo ya faradhi mwanamke aifanye na mume au mahram. Kwa hiyo hesabu ianze na tiketi mbili.

Wakati. Juni hadi Agosti na mwezi wa Disemba bei hupanda, kwani ni likizo huko na msimu wa watalii huku. Oktoba, Novemba, au baada ya Januari kwa kawaida huwa nafuu, ingawa baridi ya Kanada nayo inataka koti zito.

Mzee alisikitika. Alisema ikifika Oktoba mjukuu atakuwa ameshaanza kukaa. Tukamwambia: afadhali bibi amkute mjukuu amekaa, kuliko bibi mwenyewe akae Nairobi akilia. Alicheka, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Allah awawepesishie wasafiri wetu na awarejeshe salama. Wabillahi tawfiq.