Programu ya Ng'ambo ya Mto

Swali limetoka kwa kijana wa Lwakhakha, mji wa mpakani kando ya mto unaotenganisha Kenya na Uganda, upande wa Bungoma, ambako muuza mahindi hupokea shilingi za Kenya na za Uganda kwenye meza moja. Kijana huyo aliandika programu fupi kwa lugha ya C: unaingiza bei ya gunia kwa sarafu moja, inakupa bei kwa nyingine pamoja na faida. Kwenye laptopu yake yenye Linux inafanya kazi vizuri. Akaitia kwenye flashi, akaipeleka kwa jamaa yake mwenye duka anayetumia Windows, nayo ikakataa hata kufunguka. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba laptopu hizo mbili ni za kampuni moja, na prosesa zake ni zile zile za Intel. Kama ubongo ni ule ule, anauliza, kinachokataa ni nini?

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba kompyuta hizo "zinazungumza lugha tofauti". Si kweli. Baiti zinazoiamuru prosesa ya Intel ijumlishe chini ya Linux ndizo zinazoiamuru ijumlishe chini ya Windows. Hesabu ya magunia, ikiwa ni hesabu tu, ingekwenda sawasawa pande zote mbili.

Kizuizi cha kwanza ni kichwa cha faili. Programu ya Linux huanza na baiti 7F ikifuatwa na herufi E, L na F. Ya Windows huanza na M na Z, ambazo ni herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za DOS. Kila faili ya .exe inayofunguliwa leo, iwe ya benki au ya mchezo wa watoto, bado inatanguliza jina la bwana huyo. Windows isipoziona herufi hizo haiendelei kusoma.

Lakini kichwa ni jambo dogo. Utamu uko ndani.

Programu, hata iwe na akili kiasi gani, haiwezi kuandika neno moja kwenye skrini. Haiwezi kufungua faili wala kujua ni saa ngapi. Kila kitu kilicho nje ya kipande chake cha kumbukumbu ni mali ya kiini cha mfumo endeshi, yaani kerneli, na lazima kiombwe. Ichukulie kerneli kuwa ofisi ya mpakani yenye madirisha mengi, kila moja na namba yake na hakuna kibao cha maelezo. Programu huandika namba ya dirisha kwenye rejista ya prosesa, huweka nyaraka zake kwenye rejista nyingine, kisha hutoa agizo moja la kubisha hodi na kusimama kimya mpaka ihudumiwe. Kwenye Linux ya biti 64 kwa prosesa za Intel, dirisha la 0 ni la kusoma, la 1 ni la kuandika, la 2 ni la kufungua faili, na la 60 ni la kuaga na kuondoka.

Sasa programu hiyo ivuke mto, iingie kwenye FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, prosesa ikiwa ni ile ile. Huko dirisha la kuandika ni la 4. Dirisha la 1 ni la kuondoka! Mfanyabiashara aliyekuja na nyaraka zake zigongwe muhuri anasindikizwa hadi getini na kufungiwa nje, bila ukali na bila maelezo, kwa sababu afisa ametekeleza hasa alichoombwa. Linux yenyewe haina msimamo: katika toleo lake la biti 32 la Intel, 1 ilikuwa kuondoka na 4 kuandika, kama FreeBSD, na kwenye simu zenye prosesa za ARM za biti 64 kuandika ni 64 na kuondoka ni 93.

Windows imeenda mbali zaidi, kwani huhamisha madirisha inapokarabati ofisi. Huduma yake ya ndani ya kuandika, NtWriteFile, ilikuwa namba 5 kwenye Windows 7 ya biti 64, ikawa 6 kwenye Windows 8, 7 kwenye 8.1, na 8 kwenye Windows 10. Anayekariri namba hizo huenda akakwama msimu ujao. Ndiyo maana programu za Windows haziendi dirishani zenyewe; hupitia kwa mawakala wa forodha wanaokaa nje ya ofisi, yaani maktaba kama kernel32.dll, ambao hupewa habari za madirisha mapya kila toleo linapotoka. Programu hubeba orodha tu: namtaka wakala fulani, kwa huduma ya WriteFile. Inapofunguliwa, Windows husoma orodha hiyo, humtafuta kila wakala mahali alipokaa siku hiyo kwenye kumbukumbu, na kuijaza anwani yake kwenye jedwali, yote hayo kabla agizo la kwanza la mwandishi halijaguswa.

Basi kuandaa kichwa na orodha hiyo ndiyo kazi ya kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya C kuwa maagizo ya prosesa, inapotengeneza programu kwa ajili ya mfumo mwingine. Inakaa upande huu, kwenye Linux, na kuandika faili yenye herufi za Zbikowski na orodha ya mawakala wa upande ule, ambao haijawahi kukutana nao. Haihitaji kuwa na Windows. Inahitaji maelezo tu ya majina ya huduma na jinsi ya kuziita, na maelezo hayo yamo katika kifurushi cha bure kiitwacho mingw-w64. Wako wanaopendekeza iitwe kompaila ya kuvusha, lakini kuvusha kitu kilichokwisha kutengenezwa ndiko kulikomshinda kijana wetu. Makala haya yanaiita kompaila ya ng'ambo, kwa kuwa bidhaa inatoka kiwandani ikiwa na nyaraka za ng'ambo tayari.

Watu wa Magharibi mwa Kenya wamekuwa na bidhaa hizo mifukoni kwa miaka mingi. Simu ya IDEOS ya Huawei, ambayo Safaricom iliiuza mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000 na kuwaingiza Wakenya wengi kwenye Android, ilikuwa na prosesa ya ARM ya megahazi 528. Mfumo wake wote ulitengenezwa kwenye kompyuta kubwa za Linux zenye prosesa za aina nyingine. Kuiachia simu hiyo ijitengenezee Android yake kungekuwa kama adhabu. Ruta ndogo za intaneti zina shida zaidi: nyingi zina hifadhi ya megabaiti 8 au 16, na kompaila yenyewe haitoshei humo.

Iko pia njia ya kuukwepa mto. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya AMPATH, mradi wenye kliniki hadi Webuye na Kitale, umeandikwa kwa Java. Java haitoi maagizo ya prosesa yoyote. Hutoa maagizo ya mashine ya kufikirika, na kila mfumo huweka mkalimani wake. ODK Collect, programu iliyowasaidia wahudumu wa AMPATH kujaza fomu kwa simu walipokuwa wakipima HIV nyumba kwa nyumba, ilifuata njia hiyo ndani ya Android. Gharama yake ni kumlisha mkalimani, na IDEOS haikuwa na shibe kubwa.

Kwa anayetaka kuuvuka mto badala ya kuukwepa, njia imerahisishwa: tangu toleo la 1.5 la lugha ya Go lilipotoka Agosti 2015, kwenda ng'ambo ni suala la kutaja jina la mfumo na la prosesa kabla ya amri ya kujenga. Kwa C, kijana wa Lwakhakha ataweka mingw-w64 na kuandika x86_64-w64-mingw32-gcc mahali alipozoea kuandika gcc. Kompyuta ya duka ikiwa ya biti 32, herufi za mwanzo zitakuwa i686. Ataijaribu faili hiyo kwa Wine, inayowaigiza mawakala wa Windows ndani ya Linux, kabla ya kuipeleka dukani. Atazame pia aina ya long, yenye biti 64 kwenye Linux yake na 32 kwenye Windows: jumla ya mauzo kwa shilingi za Uganda ikipita 2,147,483,647, haitatoshea humo.

Akitaka kuuza programu yake kwa wenye iPhone, mambo yanabadilika. Apple hutoa zana zake kwa matumizi kwenye kompyuta za Mac tu, na msanidi wa Kitale asiye na Mac hukodi iliyo mbali kupitia intaneti.