Mangina: Chumba kilichofungwa tangu Ebola kimefunguliwa

Hapa Mangina, mgeni akifika nyumbani tunamkalisha kwenye salo. Huko ndiko kuna viti vizuri, vitambaa vya kufuma na kalenda ukutani. Chumba cha kulala hatumwonyeshi. Tunafunga rido, maana nyuma yake kuna aibu: watoto wanalala chini wakibanana, nguo zimetundikwa kwenye misumari, mifuko ya kakao imefika karibu na mto. Mwaka huu tuliamua kuanzia huko nyuma ya rido. Tunawaelezea wasomaji namna tulivyofanya, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu ziko sawa na yetu.

Yetu ilikuwa na chumba kimoja chenye kufuli. Wasomaji wanakumbuka: tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, na Mangina ndiyo ilikuwa kitovu cha kwanza. Ugonjwa ukaenda Beni, Butembo, hata Ituri, mpaka ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 3 470, na kati yao 2 287 walikufa. Shangazi yetu naye alipelekwa kwenye kituo cha matibabu. Watu wenye mavazi ya kujikinga walikuja nyumbani na pompi za klori. Matela yake, mashuka na mkeka vikachomwa. Shangazi alipona, akarudi. Lakini hakuna aliyetaka kulala tena mule. Watoto wakakiita "chumba ya Ebola", na shangazi mwenyewe akahamia kulala pamoja nao.

Kisha vita ikatuongezea watu. Ndugu waliokimbia mashamba yao walituletea watoto, na leo watoto nyumbani ni sita. Pamoja na shangazi, watu saba walikuwa wanalala chumba kimoja, na kingine kimefungwa tu. Mtu wa mbali atacheka. Mwenye kupita yale ya 2018 hatacheka.

Siku moja tulimwuliza:

"Shangazi, ile chumba tuifungue?"

"Muifungue tu. Miye niko muzima, na chumba nayo iko muzima."

Ni kweli. Waganga walitufundisha wakati ule kwamba virusi vya Ebola havikai miaka ukutani. Kwenye kitu kikavu vinakufa kwa muda wa saa au siku, na klori inaviua upesi. Kilichobaki mule kilikuwa woga wetu, vumbi na buibui.

Kazi ya kwanza haikuomba feza: ilikuwa kuingiza hewa. Dirisha lilikuwa dogo na limezibwa kwa mbao. Mangina siyo Butembo. Butembo iko juu mlimani, kupita meta 1 700, na watu wa kule wanatafuta blanketi. Sisi tuko na joto na unyevu wa pori, na chumba kisicho na upepo kinaota ukungu. Tulitoa zile mbao, tukatoboa tundu lingine upande wa pili, juu kabisa chini ya manjanja, ili hewa iingie huku itokee kule. Yote mawili tukayafunika kwa wavu mwembamba.

Kisha kuta. Nyumba yetu ni ya miti na udongo. Tulijaza nyufa kwa udongo uliochanganywa na mchanga, tukangoja ukauke kabisa, ndipo tukapaka chokaa. Wengi wanapaka mara moja, nzito, na baada ya miezi inabanduka. Dawa yake ni kulowesha ukuta kidogo, kupaka nyepesi, kungoja ikauke, halafu kurudia mara ya pili na ya tatu. Ukuta mweupe unasaidia pia usiku: taa ndogo ya jua inaangaza chumba kizima. Chini, kwa kimo cha magoti, wasichana walipaka mstari wa udongo mwekundu. Ni pambo, lakini pia linaficha matope ya miguu. Sima haikutosha chumba chote, tuliiweka mlangoni tu, mahali maji yanapoingilia.

Jambo gumu lilikuwa kakao. Hapa kwetu kakao njo shule ya watoto, njo dawa, njo manjanja. Mwaka 2024 bei yake kwenye soko la dunia ilipita dola 10 000 kwa tani moja, na kila mwenye shamba akaogopa wezi. Njo maana tulikuwa tunalala na mifuko. Walakini mbegu za kakao zinavunwa zikiwa na maji mengi. Zinachachishwa siku tano au sita, zinaanikwa juani, na zinafaa kuhifadhiwa unyevu ukishuka mpaka karibu asilimia 7. Zikiingia chumbani kabla ya hapo, unyevu wake unabaki humo, na panya nao wanakuja. Tulitenga kona ya salo, tukaiwekea mbao za kuinua mifuko, mlango na kufuli. Salo imepungua. Mgeni atatusamehe.

Halafu mpangilio. Chumba cha shangazi kina meta 3 kwa 4, ni kusema meta 12 za mraba. Mashirika ya msaada yanahesabu kwamba mtu mmoja anahitaji angalau meta 3,5 za mraba mahali anapokaa. Basi mule watu watatu tu: shangazi na wasichana wawili. Wavulana wanne walibaki katika chumba kingine, na tunakubali kwamba wao bado wanabanana. Lakini nne siyo saba, na wasichana wamepata pao.

Wakati wa kutengenezesha vitanda, swali la kila mtu hapa likatokea. Jirani alituuliza:

"Munapamba nyumba ya kukimbia?"

Hakukosea. Wengi wetu tumeshalala porini tukiwa na kitambaa kichwani na mtoto mgongoni. Tulimpelekea seremala swali hilo hilo.

"Fundi, kitanda hii tutaibeba namna gani kukiharibika?"

"Musihangaike, mama. Nitaweka buloni kwa kona zote ine. Ufunguo moya, mbao juu ya motari, munaenda."

Njo vile tulivyofanya. Libuyu ni mbao nzuri lakini bei inapanda, tukachukua kalitusi. Sharti iwe imekauka vizuri, la sivyo inajipinda na buloni haziingii tena. Matela ni ya kukunjwa kwa kamba. Rido ni kikwembe cha kawaida, siku ya safari kinarudi kuwa nguo. Tuliamua hivi: kinachobaki ukutani kiwe cha bei ndogo, kama udongo na chokaa, kinachogharimu feza kiwe cha kubebeka.

Juu ya kila kitanda tulifunga chandarua. Kikiwa kipya, kitundikwe kwanza kivulini siku nzima. Kikichafuka, kifuliwe polepole kwa sabuni laini, kisianikwe juani, maana jua linaharibu dawa yake. Malaria haikungoja Ebola iishe: Novemba 2018, mjini Beni, ilibidi kugawa dawa za malaria na vyandarua katikati ya ugonjwa ule. Na tunawakumbusha wenzetu wa Butembo: mbabula ya makala isiingie chumbani usiku kwa sababu ya baridi. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala.

Hatusemi kwamba chokaa inaleta usalama. Usiku tungali tunasikiliza barabara ya Mambasa kabla ya kuzima taa. Lakini mtoto anayelala vizuri asubuhi anaenda shule, hata kama kesho kutwa tutahama.

Usiku wa kwanza shangazi alikaa muda mrefu kitandani, mlango wazi, bila kulala. Asubuhi mdogo kuliko wote alitafuta kiatu chake akakikosa. Tulimsikia akiuliza wenzake kama kimebaki mu chumba ya shangazi. Hakuna aliyemfundisha jina hilo.

Msomaji anayetaka kuanza, aanze na dirisha.