Gemu za siku hizi zimeharibika? Hiki ndicho kilichobadilika

Ingia kwenye banda lolote la PlayStation, iwe Dar au Nairobi, na hutakosa mtu wa kukuambia kwamba PES za zamani zilikuwa moto, hizi za sasa ni za kula hela tu. Huko Ulaya na Marekani nako wachezaji wanabishana hivyo hivyo.

Je, ni kweli gemu zimeshuka, au utoto ndio unaotudanganya?

Hata zamani vimeo vilikuwepo

Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa gemu ya E.T., iliyotokana na filamu iliyotamba mwaka huo huo. Ilitengenezwa kwa wiki tano hivi ili iwahi Krismasi. Wanunuzi waliichoka haraka, na mwaka uliofuata mzigo wa kaseti za Atari, E.T. zikiwemo, ulifukiwa kwenye dampo huko New Mexico. Zilikuja kufukuliwa mwaka 2014.

Vimeo kama hivyo vilikuwa vingi, ila hakuna aliyevitunza. Tunachokumbuka leo ni zile kali tu. Kwa hiyo mtu anachukua gemu bora za miaka 20 anazilinganisha na kila kitu kilichotoka mwaka huu. Hapo lazima za sasa zishindwe.

Na nzuri bado zinatoka. Elden Ring ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka 2022 kwenye The Game Awards, na Baldur's Gate 3 ikaichukua mwaka 2023. Stardew Valley ya mwaka 2016 ilitengenezwa na mtu mmoja tu, Eric Barone.

Basi shida iko wapi?

Iko kwenye biashara. Zamani CD ikishachapwa, kosa lililomo hubaki humo. Kampuni ilikuwa na nafasi moja, hivyo ililazimika kumaliza kazi kabla ya kuuza. Siku hizi inaweza kuuza kwanza na kurekebisha baadaye kwa intaneti.

Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 10, 2020 ikiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni. Baadaye ilirekebishwa na leo inasifiwa. Lakini walioinunua siku ya kwanza walilipia kitu ambacho hakijaiva.

Mashabiki wa gemu za mpira nao yaliwakuta. Mwaka 2021 Konami iliachana na jina la PES na Septemba 30 ikatoa eFootball, ya kupakua bure. Sura za wachezaji zilikuwa kichekesho mitandaoni, na Konami ikaomba radhi.

Bure hiyo nayo ina bei yake. Kwenye PES ya CD ulilipa mara moja, ukachagua Brazil, mkaanza kucheza. Kwenye eFootball, ukitaka kujenga kikosi cha ndoto unaweza kununua sarafu, halafu mara nyingi bahati ndiyo inaamua utapata nani. Unaweza kutoa hela na ukampata mchezaji usiyemhitaji.

Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati ya kulipia kwenye baadhi ya gemu, FIFA 18 ikiwemo, ni kamari kisheria.

Umelipia, lakini si yako

Hili ndilo zito zaidi. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka mwaka 2014. Machi 31, 2024 seva zake zilizimwa. Hata aliyetaka kuendesha peke yake bila mpinzani hakuweza tena, ingawa aliinunua kwa hela yake.

Hapo ndipo ilipoanza kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka gemu iliyouzwa iendelee kuchezeka hata kampuni ikiacha kuihudumia. Mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1.

Linganisha na CD ya PES 6 ya mwaka 2006. Kama haijachubuka na mashine ni nzima, itawaka leo, bila bando wala ruhusa ya mtu.

Unayechezea kwenye simu, fanya hivi

Kabla ya kutoa hata shilingi, jaribu mambo haya:

• Zima data, kisha fungua gemu. Ikigoma, jua inategemea seva. Siku zikizimwa, sarafu na wachezaji wako wanaweza kupotea nazo.

• Angalia unanunua nini. Kitu unachokiona kabla ya kulipa ni tofauti na kubahatisha.

• Kama kuna gemu ya kulipia mara moja na inacheza bila intaneti, piga hesabu. Inaweza kuwa nafuu kuliko ile ya "bure" ukijumlisha sarafu za mwezi mzima.

Kwa hiyo yule wa kwenye banda ana hoja, ila si kwa sababu watengenezaji wa leo hawajui kazi. Zamani ulinunua gemu ukaondoka nayo. Leo, mara nyingi, unalipia kuingia tu, na mwenye mlango anaweza kuufunga.