Kufuli za Sinema na Hisi ya Vidole

Hakuna mtazamaji wa sinema za kijasusi na za wizi asiyeijua ile sura ya mtu aliyepiga goti mbele ya mlango uliofungwa, akatoa mfukoni waya mmoja mwembamba, akautia katika tundu la ufunguo, akauzungusha mara mbili tatu huku akigeuka nyuma asije akafumaniwa, na kabla mtazamaji hajameza mate mlango ukawa wazi. Sura hiyo imerudiwa mara nyingi mno hata imekuwa kaida, na walio wengi ama huisadiki kama ilivyo, ama huikataa yote pia na kudhani kwamba kufuli haifunguki asilani ila kwa ufunguo wake. Rai zote mbili zina walakini. Kufuli nyingi zafunguka bila ya ufunguo, na elimu ya jambo hilo ni kongwe wala haina uchawi. Lakini hazifunguki kwa namna ile, wala kwa muda ule, na sababu ya tofauti hiyo imo zaidi katika mwili wa binadamu kuliko katika chuma cha kufuli.

Yaliyomo ndani ya kufuli

Kufuli ya silinda, ile yenye ufunguo bapa uliochongwa meno upande mmoja, ambayo leo imeenea katika milango ya dunia nzima, kanuni yake ni ya kale sana. Katika magofu ya Khorsabad, karibu na mji wa Mosul nchini Iraki, ilipatikana kufuli ya mbao iliyofanya kazi kwa vigingi vidogo vilivyoanguka ndani ya matundu ya komeo na kulizuia lisivutike, na kufuli za namna hiyo zilitumika Misri kwa karne nyingi. Mmarekani Linus Yale aliihamisha kanuni hiyo katika chuma mwaka 1848, kisha mwanawe, aliyeitwa Linus Yale vilevile, akaitengeneza upya mwaka 1861 kwa silinda ndogo na ufunguo mwembamba unaoingia mfukoni bila ya taabu.

Ndani ya kasha la kufuli hiyo mna silinda inayozunguka. Juu yake mmetobolewa vishimo vitano au sita vilivyopangwa safu moja, na katika kila kishimo mna pini mbili, moja juu ya nyenzake, pamoja na springi inayozisukuma chini. Maadamu pini ya juu imekaa nusu ndani ya kasha na nusu ndani ya silinda, silinda haiwezi kuzunguka. Ufunguo wa haki huinua kila jozi kwa kimo chake, hata mpaka ulio baina ya pini ya juu na ya chini ukalingana sawasawa na ukingo wa silinda, na hapo ndipo kizuizi kinapoondoka.

Tuseme kufuli ina jozi tano, na kila pini yaweza kukatwa kwa vimo kumi mbalimbali: funguo zinazowezekana ni 100,000, na mtu wa kubahatisha angekesha mlangoni siku nyingi asifanikiwe. Lakini hakuna kiwanda kiwezacho kutoboa vishimo vitano katika mstari ulionyooka kabisa. Daima mna kasoro ndogo ya sehemu za mia za milimita, na katika kasoro hiyo ndimo zilimo hila zote. Silinda ikisukumwa kidogo kana kwamba yataka kuzunguka, uzito hauziangukii pini zote kwa pamoja, bali huiangukia moja tu, ile iliyotangulia kubanwa. Pini hiyo ikiinuliwa taratibu mpaka kimo chake, silinda husogea kwa kadiri ya unywele, pini ya juu hubaki imekaa ukingoni isirudi chini, na zamu ya kubanwa huhamia kwa nyingine. Kwa njia hiyo kazi iliyokuwa ya kubahatisha mara 100,000 hugeuka kuwa kazi ndogo tano, na kila moja haizidi hatua kumi.

Kutokana na maelezo haya ni dhahiri kwamba kazi hiyo yataka vyombo viwili na mikono miwili. Chombo kimoja ni kipande cha chuma bapa kilichopindwa, kinachowekwa pembeni mwa tundu ili kuisukuma silinda. Cha pili ni kijiti chembamba cha chuma cha kuinulia pini. Wengi hudhani kwamba ustadi wote umo katika hicho cha pili, ilhali mafundi hujua kwamba umo katika cha kwanza: kikisukumwa kwa nguvu iliyozidi, pini zote hubanwa zisiinuke, kikilegezwa mno, zile zilizokwisha kukaa huanguka, na mwenye kazi huanza tena mwanzo. Hicho ndicho chombo ambacho sinema aghalabu hukisahau. Ama mchezaji huchokonoa kwa waya mmoja, ama hupewa waya mbili akazitikisa zote pamoja tunduni, jambo ambalo halina maana yoyote, kwa kuwa hapana kitu kinachoisukuma silinda izunguke.

Muda wa kweli

Ushahidi bora zaidi juu ya muda twaupata London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu yaliyofanywa katika jumba la vioo la Hyde Park. Huko alifika Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, mtu wa biashara ya kufuli, naye akaifungua kufuli ya Chubb, iliyosifiwa Uingereza nzima, kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akaiendea kufuli ya Bramah iliyokuwa imewekwa kwa miaka mingi katika dirisha la duka mtaani Piccadilly, na ahadi ya guinea 200 kwa yeyote atakayeweza kuifungua. Aliifungua, lakini kwa saa 51 za kazi zilizotawanyika katika siku 16, tena akiwa na vyombo alivyovitengeneza makusudi, na bila ya mtu wa kumfukuza. Naam, kufuli duni yaweza kumtii fundi katika sekunde chache, na hapo sinema haikusema uongo. Lakini kufuli njema, hasa yenye pini zilizochongwa kiuno katikati ili kuvihadaa vidole vidhani kwamba pini imekaa ilhali haijakaa, yaweza kumshughulisha fundi huyo huyo kwa saa nzima na isifunguke.

Wapo waongozaji wa sinema walioujali ukweli huu. Jules Dassin, katika Rififi ya mwaka 1955, alionyesha wizi wa duka la vito kwa takriban nusu saa pasipo neno kusemwa wala muziki kupigwa, mtazamaji akauona uchovu wa kazi yenyewe. Michael Mann, alipotengeneza Thief mwaka 1981, aliwaita washauri waliokuwa wezi wa kweli siku zao, na mchezaji wake, James Caan, akashikishwa vyombo halisi vya kukatia makasha ya chuma. Na Linda Hamilton, aliyefungua mlango wa chumba cha hospitali kwa kibanio cha karatasi katika Terminator 2 ya mwaka 1991, alijifunza kwanza kazi hiyo ya kuchokonoa kufuli. Ndiyo maana tukio hilo, ingawa ni fupi, mara nyingi hutajwa miongoni mwa yaliyokaribia kweli.

Kazi ya vidole

Hata hivyo, kosa kubwa la sinema halitokani na ujinga wa waongozaji. Sinema ni sanaa ya macho na masikio, nayo kufuli hufunguliwa kwa hisi ya tatu ambayo haina picha wala sauti. Sauti kali ya chuma tunayoisikia kila pini ikikaa ni pambo lililotiwa studioni. Sauti ya kweli ni hafifu, na fundi aghalabu haitegemei, bali hutegemea mtetemo mdogo unaopanda kutoka ncha ya kijiti mpaka ngozini mwake.

Ngozi ya kiganja na vidole ni chombo cha ajabu. Wataalamu wa Sweden, Roland Johansson na Åke Vallbo, walikadiria mwaka 1979 kwamba mkono mmoja una vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000 upande wa kiganjani, na vilivyo vingi vimesongamana katika ncha za vidole. Navyo ni vya namna mbalimbali. Vile vya Merkel hupokea mgandamizo wa kudumu, na kwa hivyo ndivyo vinavyompa fundi habari ya nguvu anayoisukumia silinda. Vile vya Meissner hushtuka kitu kinapoanza kuteleza. Na vile vya Pacini, vilivyo chini zaidi ya ngozi, hunasa mitetemo ya kasi, hasa ile ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde, hata kama ni midogo isiyoonekana kwa jicho. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm walionyesha kwamba kidole kikipapasa chaweza kutofautisha uso laini kabisa na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Tena hisi hiyo haikomi kwenye ngozi. Mvuvi wa mshipi aliyekaa ndani ya mtumbwi usiku hujua kama chambo kimegusa mwamba, ama kimedonolewa na samaki mdogo, ama kimemezwa na changu wa haja, na baina ya kidole chake na chambo pana pima kadhaa za maji asizoweza kuzitazama. Hivyo ndivyo ubongo unavyoihesabu ncha ya chombo kuwa ni sehemu ya mwili. Fundi naye akiinua pini huitambua iliyobanwa kwa ugumu wake na iliyo huru kwa wepesi wa springi, na huko kusogea kwa silinda kadiri ya unywele hukusikia mkononi kabla hajakuona.

Hali ni hiyo hiyo kwa makasha ya fedha yenye gurudumu la tarakimu, ambayo sinema imeyafungua kwa kipima moyo cha daktari, mwizi ameinamisha kichwa na kusikiliza. Kazi ya kweli hutegemea zaidi macho, vidole na hesabu: mfunguaji huzungusha gurudumu taratibu, hutambua mahali panapogusana vyuma vya ndani, huandika tarakimu karatasini na kuchora mstari unaopanda na kushuka, kazi ya saa kadhaa ifananayo zaidi na ya karani kuliko ya tabibu. Mwanafizikia Richard Feynman, alipokuwa Los Alamos wakati wa vita vya pili vya dunia, aligundua kwamba magurudumu ya makabati ya huko, yenye alama 100, yalivumilia kosa la alama mbili kila upande. Kwa hiyo badala ya namna 1,000,000 za tarakimu tatu, zilizopaswa kujaribiwa zilikuwa 8,000 tu.

Hofu na mikono

Lakini uongo ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa shujaa anayefungua mlango huku risasi zikimpita kichwani. Mtu akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, misuli mikubwa hujiandaa kukimbia au kupigana, na mishipa ya damu ya vidole hubana, vidole vikapoa na kutota jasho. Kidole kilichopoa hupungukiwa na hisi. Isitoshe, mkono wa kila binadamu mzima una mtetemeko wake wa kawaida, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ambao kwa kawaida hauonekani. Adrenalini huukuza, na ndiyo sababu baadhi ya wapiga vinanda na fidla, kwa idhini ya daktari, humeza dawa ya propranolol kabla ya kupanda jukwaani. Zaidi ya hayo, aliyeogopa hukaza mkono kupita kiasi, na tumekwisha kuona kwamba silinda ikisukumwa kupita kiasi pini zote hukwama. Waliosema kwamba subira ni ufunguo wa faraja walisema jambo ambalo fundi wa kufuli hulithibitisha kwa mkono wake.

Yako mengine ambayo hayahitaji tafsili ndefu. Kadi ya plastiki husukuma ulimi wa springi uliochongwa mshazari, lakini haifui dafu mbele ya komeo lililozungushwa kwa ufunguo. Na risasi ya bastola aghalabu huupinda mtambo wa kufuli ukakwama zaidi, na vipande vyake vyaweza kumrudia mpigaji.

Basi mtazamaji atakaye kupima ukweli wa sinema na aangalie kama mikono yote miwili ina kazi, na kama mmoja umetulia ilhali mwingine watafuta; aangalie kama mtu anapata wasaa; na kama macho yake yako mbali na tundu, kwani hakuna cha kuona humo.

Na hisi hii si mali ya mafundi peke yao, maana ndiyo inayotufungia vifungo vya shati na kutuchagulia sarafu mfukoni gizani. Uzee huipunguza polepole. Mshipa wa fahamu ukibanwa kifundoni mwa mkono, ganzi huingia katika dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku. Na ugonjwa wa kisukari huharibu mishipa hiyo hatua kwa hatua, aghalabu ukianzia miguuni kisha ukapanda mpaka mikononi. Aliyeanza kuangusha sindano, au anayeungua jikoni kabla hajatambua kwamba sufuria i moto, asiseme ni uchovu wa kazi, bali aende hospitali akapimwe, kwani mshipa uliobanwa ukiwahiwa huweza kufunguliwa, na sukari ikidhibitiwa mapema madhara yake hucheleweshwa.