Waya umechomekwa, intaneti haipo: hitilafu inapojificha ndani ya nyumba

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, ruta ya intaneti hukaa sebuleni, pale fundi alipoingizia waya wa faiba siku ya kwanza. Chumba cha mwisho, au kile cha uani anamolala kijana anayesoma chuo kikuu, hubaki na mawimbi hafifu. Ndipo familia inaponunua repita, kifaa kidogo cha kuchomekwa ukutani ambacho hupokea mawimbi ya waifai na kuyarusha mbele zaidi. Repita nyingi zina tundu la waya, na kompyuta ya mezani isiyo na waifai huunganishwa hapo. Kisha siku moja, pengine usiku wa mwisho wa kutuma maombi ya ufadhili wa masomo, kompyuta inadai kuwa imeunganishwa, ilhali hakuna ukurasa unaofunguka.

Lawama ya kwanza huangukia kampuni ya intaneti, na baadhi ya wateja huamua kulipia kasi kubwa zaidi. Fedha hizo zinaweza kupotea bure. Waya unaoonekana una urefu wa mita moja au mbili tu, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye repita. Safari iliyobaki, kutoka kwenye repita hadi kwenye ruta, hufanyika hewani. Anayeunganishwa kwa namna hii bado anategemea waifai, hata kama mbele yake kuna waya.

Ni kweli kwamba hitilafu huweza kutokea mbali. Burundi haina pwani; intaneti yake hutegemea nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, kisha hupita nchi jirani kabla ya kusambazwa na mitandao ya ndani kama Burundi Backbone System. Nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu Mei 12, 2024, nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliathirika, na hakuna mkazi ambaye angeweza kurekebisha jambo hilo kutoka sebuleni kwake. Lakini siku kama hizo ni chache.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Simu isogezwe karibu na ruta, izimwe data zake za laini, kisha ijaribiwe kwa waifai ya ruta yenyewe. Ikiwa hapo pia hakuna kitu, tatizo liko kwenye ruta au nje ya nyumba, na ni wakati wa kuipigia simu kampuni. Ikiwa simu inafanya kazi vizuri, hitilafu iko kati ya ruta na kompyuta.

Taa na anwani

Taa ndogo iliyo kando ya tundu la waya huonyesha kama vifaa viwili vinahisiana. Isipowaka, waya ubadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Kichwa chake cha plastiki huvunjika kwa urahisi.

Taa ikiwaka na intaneti ikakosekana, ni vema kutazama anwani ya kompyuta. Kwenye Windows, amri ya ipconfig huionyesha. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kuna hali nyingine yenye hila zaidi: baadhi ya repita zinapoipoteza ruta huanza kugawa anwani zenyewe. Kompyuta hupokea anwani inayoonekana halali, hutangaza kuwa imeunganishwa, na mtumiaji huanza kuitilia shaka mashine isiyo na kosa.

Repita huipoteza ruta kwa sababu za kawaida kabisa. Mwenye nyumba amebadilisha nywila ili majirani wasiitumie intaneti yake, akasahau kwamba repita nayo ni mgeni anayehitaji nywila mpya. Au umeme umekatika na kurudi, vifaa vyote vikawaka kwa pamoja, na repita ikaitafuta ruta ambayo bado haijawa tayari. Dawa ya hali hii ni utaratibu: vyote vizimwe, ruta iwashwe kwanza na kuachwa dakika mbili au tatu, ifuate repita, kisha kompyuta.

Mahali inapowekwa repita ndipo makosa mengi hufanyika. Watu huichomeka kwenye chumba kisicho na mawimbi, na huko haina cha kurusha. Inafaa ikae katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inapata mawimbi mazuri ya ruta. Kuta za matofali huyapunguza mawimbi, zege zaidi, na bati karibu huyazuia kabisa. Hata ikiwekwa vizuri, repita inayopokea na kurusha kwa masafa yaleyale hupunguza kasi kufikia takriban nusu, kwa kuwa haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja.

Kwa chumba cha uani, waya halisi kutoka kwenye ruta ndio ufumbuzi wa kudumu. Waya wa kawaida wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100. Ukipita nje, utiwe ndani ya bomba la plastiki ili jua lisiuharibu, na uchomolewe pande zote mbili mvua za radi zinapokaribia, kwani shaba hubeba umeme wa radi hadi ndani ya kompyuta.

Repita ileile inaweza kubaki chumbani, ikapokea intaneti kwa waya huo na kutoa waifai. Sharti ni kwamba ibadilishwe kwanza katika mipangilio yake ili tundu lake lipokee intaneti badala ya kuitoa. Ikiunganishwa na ruta kwa waya huku bado inaishika kwa waifai, taarifa zinaweza kuzunguka kati ya vifaa hivyo viwili bila kikomo, na nyumba nzima ikakosa intaneti hadi waya huo uchomolewe.