Mkwaju Una Faida Zaidi Ukiachwa Usimame

Katika sehemu kavu za Kaunti ya Kilifi, kama vile Ganze na Magarini, mkwaju huzaa hata pale mahindi yanaponyauka shambani. Hata hivyo, wachomaji makaa huutafuta kwa sababu mti wake ni mgumu na moto wake hukaa.

Makaa huuzwa mara moja, mti ukaisha. Mkwaju uliokomaa unaweza kutoa zaidi ya kilo 100 za ukwaju katika mwaka mzuri, na huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Anayeukata huwanyima pia wajukuu wake.

Jikoni
Ukwaju huondolewa maganda, ukalowekwa katika maji ya vuguvugu, ukavurugwa kwa mkono na kuchujwa. Maji yake hutiwa sukari yakawa sharubati, au hutiwa katika samaki wa kupaka na mchuzi wa nazi. Wauzaji wa viazi karai na bajia huyapika na pilipili yakawa chatne. Yasiwekwe katika sufuria ya alumini, kwani ukali wake huila.

Kama dawa
Tangu zamani wazee hutumia ukwaju kulainisha choo, na majani yaliyochemshwa kuoshea vidonda. Lakini ukwaju hauchukui nafasi ya matibabu. Mgonjwa mwenye homa apimwe malaria katika zahanati iliyo karibu. Wanaotumia aspirini, ibuprofeni au dawa za kisukari wamwulize mhudumu wa afya kabla ya kutumia ukwaju kwa wingi, kwa kuwa unaweza kubadilisha nguvu ya dawa hizo mwilini.

Kuupanda
Mbegu zilowekwe usiku mzima kabla ya kupandwa. Miche ipandwe mwanzo wa mvua za masika, umbali wa mita 10 hivi kati ya mti na mti, na izungushiwe miiba ili mbuzi wasiile. Mche wa mbegu huchukua miaka 7 au zaidi kuzaa. Uliopandikizwa huweza kuzaa baada ya miaka 3 au 4.

Wakulima wanaohitaji ushauri wanaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao, au kufika katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) kilichoko Gede.