Saa Janja: Faida Zake na Hasara Zake

Zamani wanaume wa Ulaya walitia saa zao mfukoni. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari wengi waliona yafaa zaidi kuifunga saa mkononi, wapate kujua wakati bila ya kuacha kazi iliyo mikononi mwao. Na baada ya vita desturi hiyo ikaenea. Siku hizi iko saa ya mkono ya namna nyingine, iitwayo saa janja. Kwa umbo ni saa, lakini kwa kazi ni kompyuta ndogo. Huhesabu hatua za mwenye kuivaa, humpimia mapigo ya moyo, humwonyesha ujumbe ulioingia katika simu yake, na usiku hupima usingizi wake. Saa ya namna hii ya kampuni ya Apple, iliyo mashuhuri sana, ilianza kuuzwa mwaka 2015. Wako watu ambao hawaivui ila wakati wa kuitia umeme. Basi yafaa tuulize: kuivaa kila siku kwaleta faida gani, na hasara gani?

Kwanza tujue namna ifanyavyo kazi. Mgongoni mwa saa, mahali pagusapo ngozi, pana taa ndogo zitoazo mwanga wa kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani na kurudisha mwanga mwekundu. Ndiyo maana twaiona nyekundu. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa ya mkono, na mwanga wa kijani unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo na pigo damu hupungua, na mwanga unaorudi huongezeka. Saa huhesabu mabadiliko hayo, ikapata idadi ya mapigo kwa dakika. Hatua nazo huhesabiwa kwa kifaa kidogo kinachotambua mtikisiko wa mkono. Angalieni sana jambo hili: saa haiuoni moyo, wala haiioni miguu. Huona mwanga na mtikisiko, kisha hukadiria. Kwa hiyo mara nyingi hupata sawa, na mara nyingine hukosea.

Sasa tutazame faida zake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali. Mtu akaaye ofisini kutwa nzima huweza kudhani ametembea vya kutosha, lakini saa ikamwonyesha kuwa hakutembea ila hatua chache. Naye akiona hivyo huenda akainuka. Tena ziko saa zinazotambua mtu akianguka kwa kishindo, na asipojongea, zikaita msaada kwa njia ya simu. Hilo ni jambo kubwa kwa mzee akaaye peke yake.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi yahusu moyo. Uko ugonjwa ambao humfanya mtu moyo wake upige ovyo, bila ya taratibu. Damu huweza kutuama moyoni ikaganda, na donge lake likifika ubongoni humletea mtu kiharusi. Wagonjwa wengine hawasikii maumivu yo yote kabla ya siku hiyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, waliwachunguza watu zaidi ya 419,000 waliovaa saa janja, wakatangaza habari zao mwaka 2019. Watu 2,161 walionywa na saa zao kwamba mapigo hayaendi sawa, yaani kama watu 5 katika kila 1,000. Kati ya hao, 450 walibandikwa kipimo kifuani kwa siku kadhaa wakakirudisha, na watu 34 katika kila 100 walionekana kuwa na ugonjwa ule. Haina maana kwamba wale wengine wote walidanganywa na saa, maana ugonjwa huu huja na kuondoka. Lakini twajifunza kwamba onyo la saa ni sababu ya kwenda kwa daktari. Si hukumu ya daktari.

Ama hasara, ya kwanza ni mahangaiko. Saa iliyo mkononi haimwachi mtu; kila ujumbe humgusa, hata akiwa katika mazungumzo au masomo. Mwaka 2017 wataalamu wa usingizi wa Marekani waliandika habari za wagonjwa waliotaabika kwa sababu ya hesabu za vyombo hivi. Mmoja wao alipimwa hospitali, akaambiwa amelala usingizi mzito, lakini bado akaamini chombo chake kuliko wapimaji. Hata hesabu ya hatua 10,000 kwa siku, ambayo watu wengi hujiwekea kuwa sheria, haikutoka kwa madaktari. Mwaka 1965 huko Japani kiliuzwa chombo kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na jina hilo la biashara ndilo lililoieneza. Mzee atembeaye hatua chache kuliko hizo hakutembea bure.

Hasara ya pili ni kufunuliwa kwa siri. Saa hupeleka habari za mtu kwa kampuni. Mwezi wa Novemba 2017 kampuni iitwayo Strava ilitangaza ramani ya njia za watu waliopima mazoezi yao. Mwezi wa Januari 2018 watu wakagundua kwamba katika nchi kama Syria na Afghanistan ramani ile ilionyesha kambi za askari, kwa sababu askari walikimbia huku wamevaa vyombo hivyo. Ikiwa kambi yenye walinzi ilifunuliwa hivyo, je, nyumba ya mtu?

Hasara ya tatu ni hatari ya roho. Wako wauzaji wanaodai kwamba saa zao hupima sukari ya damu bila ya kuchoma ngozi. Mwezi wa Februari 2024 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwaonya watu wasitumie saa hizo. Mgonjwa wa kisukari akifuata hesabu ya uongo akajidunga insulini nyingi kupita kiasi, huweza kuzimia, hata kufa katika muda wa saa chache.

Basi kizuri hakikosi ila. Sisi tusemao Kiswahili tumezoea kuusoma uso wa saa kwa akili: mshale waonyesha 7, nasi twasema saa moja, kwa kuwa twahesabu tangu macheo. Na saa janja isomwe vivyo hivyo. Mwenye kuivaa na ajue inapima nini na inakisia nini. Ajue habari zake zaenda wapi. Aivue apatapo kazi itakayo moyo wake wote. Na ikimwonya juu ya mwili wake, asiogope wala asipuuze, bali aende kwa daktari. Saa ni shahidi mwema, lakini si hakimu.

Maswali
1. Saa janja hupimaje mapigo ya moyo?
2. Kwa nini onyo la saa halitoshi bila ya daktari?
3. Ni hatari gani iliyo katika saa zinazodaiwa kupima sukari ya damu?